Tulipomchagua Msemaji Mmoja

Kabla hakujapambazuka nilisikia kichungi cha chai kikigongwa kwenye ukingo wa kikombe. Tak, tak, kisha kimya. Huyo alikuwa mwanangu Mwenda. Kila anapokuwa na shifti ya asubuhi hospitalini, hunipikia chai ya maziwa kabla ya kutoka, akaifunika kwa kisahani na kuiacha mahali ambapo mkono wangu unafika bila mimi kunyanyuka kitandani.

Nataka mlijue hilo kwanza. Nitakayoyaeleza leo huenda yakawafanya mmchukie, na mimi ndiye mama yake.

Kwa ambaye hakuwa nami juma lililopita: jina langu ni Jerioth, mjane kutoka Nkubu, Meru. Mwenda alinileta hapa Pearland, kusini mwa Houston, nimlelee mtoto wake. Mtoto alipoanza shule nilibaki na nyumba ya vyumba vitano na televisheni. Hakuna duka la kuendea kwa miguu, hakuna jirani wa kubishia hodi, na gari siwezi kuendesha.

Siku moja kliniki, mwanamke mmoja aliniangushia mwavuli wake magotini akaniomba radhi kwa Kiswahili. Nusura nimkumbatie. Ndiye Fébronie, Mrundi, aliyeishi miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Anakaa Sharpstown, ndani ya Houston kwenyewe, kwa binti yake Belyse, katika fleti ndogo, na hulala kwenye sofa la sebuleni. Kila anayepita kwenda kunywa maji humwamsha.

Niliwaachia pale tuliposikia kwamba nyuma ya mtaa wetu zitajengwa fleti za wazee wa kipato kidogo. Tukaandikisha majina yetu, mimi na Fébronie, tukaomba milango inayotazamana. Wala sikumwambia Mwenda.

Sasa mtauliza, fleti za wazee wasio na kitu zilifikaje kwenye mtaa wa watu wenye magari mawili mawili? Hapo ndipo pana kichekesho, na kilianza na mwanangu mwenyewe.

Mwaka uliotangulia, jirani yetu Onyancha alileta habari kwamba serikali kuu imeiweka namba yetu ya posta, ile inayotambulisha eneo letu zima, katika orodha ya maeneo ghali. Onyancha ni Mkisii mwenye utani mwingi, na ndiye mweka hazina wa chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu. Mwenda alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Alichoma nyama nyuma ya nyumba, akawaita Wakenya wa karibu na wa mbali. Kuna rafiki yake aliyeendesha gari kutoka Arlington, karibu na Washington, na maskini yule hakula kwa amani. Kila akitia nyama mdomoni aliulizwa kama huko kwao Washington wamewahi kusikia jina la mtaa wetu.

Hakuna aliyeuliza orodha ile ni ya kazi gani.

Mimi nilikuja kuelezwa na Rukaya, binti wa Tanga anayefanya kazi na wajenzi wa fleti. Alinieleza taratibu, kama anayemfundisha shangazi yake kutumia simu. Serikali hutazama kila mwaka ni wapi kodi za nyumba zimepanda hadi mapato ya watu hayafikii. Mjenzi akikubali kujenga hapo nyumba za watu wa kipato kidogo, na asiwapandishie kodi kwa miaka mingi, hupunguziwa ushuru wake. Na penye ughali uliotangazwa hupunguziwa zaidi, kwa sababu bila hivyo hakuna mjenzi ambaye angethubutu kununua ardhi ya hapo.

Nikamuuliza kama ina maana orodha ile si ya heshima.

"Bibi, ni kama daktari kuandika kwamba mtaa huu una homa," Rukaya alisema. "Ninyi mkachoma nyama."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini akanionya pia. Orodha hubadilika kila mwaka, na ile ya mwaka unaokuja ilikwisha kutoka. Namba yetu haimo. Baraza la mji lisipokubali safari hii, fleti zile hazitajengwa tena, kwa kuwa hesabu yake haitatoka.

Kwa hiyo tulijiandaa kwenda barazani kuomba, sisi wakongwe wa kanisani kwetu, na Fébronie pamoja na Warundi wenzake wa Sharpstown. Na asubuhi hiyo ya Jumatatu, baada ya kichungi kunyamaza, Mwenda hakuondoka kama kawaida. Aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda changu na nguo zake za hospitali.

Kwamba tunakwenda barazani alijua; kwamba jina langu limo, nilidhani hajui. Aliniuliza tutakuwa wengi kiasi gani. Nikamwambia tutajaza basi la kanisa. Akatikisa kichwa, akawaza.

"Basi chagueni msemaji mmoja," akasema. "Kama mnavyoenda kuposa. Watu wa huku hawapendi kuambiwa jambo moja na kila mtu. Wengine wakae, waonekane tu."

"Na nani aseme?"

"Wewe, Mama. Kwani kuna mwingine?"

Ninyi mnaojua kwetu mtanielewa jinsi moyo wangu ulivyojaa. Watu wanapokwenda kumwomba binti, humchagua mmoja, na huyo ndiye mdomo wa wote. Wengine hunyamaza. Kusimama baada yake ni kama kutangaza kwamba ameharibu maneno. Sikuwahi kuchaguliwa msemaji hata siku moja. Kwetu msemaji alikuwa marehemu mume wangu, na kabla yake baba yangu, ambaye Mwenda amerithi jina lake. Ndiyo sababu mwanangu huyu simwiti kwa jina. Namwita baba.

"Asante, baba," nikamwambia.

Akanibusu kwenye kipaji cha uso akaenda kazini.

Jioni tulifika ukumbini tumevaa nguo za Jumapili. Wanaume walivua kofia. Kijana wa mlangoni aliona ninavyokwepa ngazi akanitolea kiti kutoka nyuma, na hakusubiri asante yangu.

Nilipoitwa nilisema kwa Kiswahili, Rukaya akitafsiri, kisha akarudi kwa wajenzi wake mbele. Sikurefusha. Niliwaambia kwamba sisi ndio tuliowalea watoto wa wauguzi wanaowahudumia hospitalini, na sasa watoto wale wamekuwa wakubwa, na tunaomba mahali karibu nao ambapo tunaweza kufungua mlango wetu wenyewe. Nyuma yangu nilisikia watu wangu wakiitikia kwa chini. Nikaketi. Fébronie akanishika kiganja akakibana.

Mama mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine wa kuunga mkono.

Tulikaa kimya. Jinsi tulivyonyooka, ungesema tunapigwa picha.

Akauliza tena, akiangalia upande wetu. Akanywa maji, akageuza makaratasi yake, akatungoja. Nilidhani anaistahi adabu yetu. Leo najua kwamba mama yule alikuwa anatuhurumia, na ninamshukuru kwa yale maji aliyoyanywa polepole.

Kisha wakaitwa wanaopinga. Wenye nyumba wa mtaa wetu wakasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na dakika zake. Huyu alisema magari yatajaa, huyu maji ya mvua hayatakuwa na pa kwenda, huyu shule zitafurika. Fébronie aliniinamia akaniuliza sikioni ni nani kati yetu anayetarajia kuzaa. Ilibidi niume leso. Hata Onyancha alisimama, akaeleza habari za mitaro kwa uchungu ambao sikujua mtaro unaweza kuuleta.

Mwishoni karani akasoma. Waliosema kupinga, orodha ndefu ya majina, mpaka akavuta pumzi katikati. Waliosema kuunga mkono, mmoja.

Niligeuka nikawatazama watu wangu. Walikuwa wamejaza safu tatu.

Baraza halikupiga kura usiku huo. Wakasema watakutana tena Jumatatu inayofuata, wasikilize kwa mara ya mwisho, waamue. Nje, Rukaya alinikimbilia karibu na basi akauliza kwa nini tumekaa kimya. Hapa, akasema, anayehesabiwa ni anayesema. Kuja tu hakuhesabiwi. Na alikwisha kutuandikia kwamba kila mtu ajiandikishe mlangoni, aseme hata neno moja, hata jina lake tu.

"Ulimwandikia nani?" nikamuuliza.

"Kwenye ile namba uliyonipa, Bibi."

Namba niliyompa ilikuwa ya Mwenda. Yangu mimi husahau kuichaji.

Nilirudi nyumbani nikimtetea njia nzima. Amechoka na shifti, ameusahau ujumbe, ameufuta kwa bahati mbaya. Nilipoingia nilikuta ameniwekea githeri, mahindi na maharagwe yetu ya nyumbani, kwenye moto mdogo. Mtu anayekupashia githeri humfikirii mabaya. Akaniuliza mambo yalikwendaje, nikamwambia. Akasema pole, Mama. Akasema tulijaribu. Neno hilo, tulijaribu, nililala nalo kwa shukrani.

Ijumaa mchana Onyancha alibisha hodi. Mwenda alikuwa kazini na mke wake Naserian, ambaye ni nesi wa usiku, alikuwa juu amelala. Onyancha alikuwa amebeba mfuko wa managu, mboga za kwetu alizozipanda kando ya ua wake, na alikuwa anacheka kabla hata sijafungua mlango vizuri.

"Mama, wewe ungekuwa Kenya ungeshakuwa mbunge," akasema.

Nikamkaribisha, nikamuuliza ubunge wangu umetokea wapi.

"Kusimama mbele ya watu ukaomba kitu ambacho hukitaki, mpaka mimi niliyekuja kupinga nikatafuta leso? Hiyo ni kazi ya mwanasiasa."

Nikamwambia kwamba nilikitaka. Akacheka zaidi. Alidhani bado naigiza. Akakaa, akanyoosha miguu, akanieleza mambo ambayo aliamini nayajua. Kwamba chama cha wenye nyumba kilikuwa na wasiwasi wazee wakija wengi wakilia barazani. Kwamba Mwenda ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia wasihofu, mama yake atasema peke yake, kwa kuonekana tu, ili watu wa kanisa wasije wakasema nyumba yake imewatupa wazee. Wengine watakaa kimya. Mambo yamepangwa nyumbani.

"Alisema mimi nimekubali?"

"Mama, alisema wazo ni lako."

Nilikuwa nimeshika mfuko wa managu. Sikujua niuweke wapi. Kicheko cha Onyancha kilipungua polepole, kama redio inayoisha betri, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mama, nimesema vibaya?"

Nikamwambia hapana, amesema ukweli tu. Yule mtu hakukimbia. Aliuchukua mfuko mikononi mwangu, akauweka jikoni, akarudi akasimama mbele yangu ameshika kofia kwa mikono miwili, akauliza amwamshe Naserian. Nikamwambia amwache alale, amekesha na wagonjwa. Alipotoka aliufunga mlango kwa upole kama mtu anayetoka kwenye nyumba yenye msiba.

Nilimpigia Fébronie. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Safari hii ilipokelewa na Belyse, akasema mama amejilaza. Kwa kawaida Belyse huniuliza magoti yangu, na presha yangu, na mjukuu wangu. Siku hiyo hakuuliza kitu.

Hapo nikaelewa kwamba Onyancha hakuwa amenisifu mbele yangu tu. Alinyolewa Sharpstown Jumatano, kwa kinyozi Mrundi, na huko alikuwa ameusimulia ujanja wa mama yake Mwenda kwa furaha yake yote.

Mwenda alirudi jioni. Nilimpakulia kwanza, kwa sababu alikuwa amesimama kutwa nzima. Nilingoja mpaka amemaliza na kunawa.

"Mwenda," nikasema.

Aliinua kichwa haraka. Nadhani alijua papo hapo, kwa kusikia jina lake tu.

"Rukaya alikuandikia kwamba kila mtu aseme?"

"Aliandika."

"Na wewe ukaniambia tuchague mmoja."

Akaisogeza sahani yake kando.

"Na wenzako ukawaambia nimekubali. Ukaniwekea mdomoni maneno ambayo sikuyasema."

Alikwenda kwenye sinki akanawa tena mikono ambayo ilikuwa safi. Alizungumza akiwa amenipa mgongo.

"Jina lako lilikuja kwenye simu yangu, Mama. Rukaya alikuwa ana-confirm watu wanaotaka fleti. Ndivyo nilivyojua unahama kwangu. Kwa message."

Nikamwambia ningemweleza.

"Lini? Nikukute na mizigo mlangoni?"

Katika hilo alikuwa na haki, nami nikamwambia ana haki. Lakini hakuishia hapo. Aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Unajua watasema nini Nkubu? Mwenda ana vyumba vitano na mamake amewekwa nyumba za msaada, nyuma ya ua lake mwenyewe. Kila asubuhi nikitoa gari, nitazame dirisha lako. Nimekukosea nini?"

Nilimjibu kwamba hadi Jumatatu hakuwa amenikosea chochote. Chai ananipikia. Dawa ananipangia. Wakati wa baridi hunitangulizia soksi kwenye mashine ya kukausha nguo ili nizivae zikiwa na joto, na sijawahi kumwona mtoto mwingine akifanya hivyo. Lakini tangu wanapotoka wote mpaka wanaporudi, hakuna anayenihitaji kwa lolote. Na kule ningekuwa na mtu wa kunibishia hodi, akiniuliza kama nina chumvi.

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa nia njema, ndiyo maana jibu lake liliniuma kuliko ile hesabu ya karani.

"Kama ni huyo mama wa Sharpstown unayemtaka, ungeniambia," akasema. "Ningemwajiri. Awe anakuja kukaa na wewe mchana, nimlipe. Hata yeye angefaidika."

"Rafiki yangu umlipe ili anipende?"

"Sikusema hivyo."

Lakini alikuwa amesema hivyo hasa. Na Naserian alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa tayari kwa kazi, amesikia. Hakuwa amejua lolote, niliona usoni mwake. Alimwangalia mume wake kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akitoka kazini asubuhi atanipeleka popote ninapotaka.

Asubuhi alinipeleka Sharpstown, ingawa alikuwa hajalala. Nilibeba mkoba mdogo tu, kwa kuwa sikuwa nimepanga kulala. Njiani hakunihoji. Tulipofika alipanda na mimi mpaka ghorofa ya pili, akashuka alipoona mlango umefunguliwa.

Fébronie alikuwa kwenye sofa lake, anachagua maharagwe kwenye sinia.

"Karibu, Mama Mwenda," akasema.

Tangu ule mwavuli wa kliniki ameniita dada. Nilibaki nimesimama, kwa maana hakuniambia nikae.

"Watu wale wote walinyamaza kwa kukuheshimu," akasema, bila kuinua macho. "Mzee Majaliwa ana miaka themanini. Alikuja na hotuba yake, ameifanyia mazoezi mbele ya wajukuu. Akaimeza, kwa sababu wewe umesema."

Nilimweleza yote, kuanzia kitandani kwangu mpaka kwenye sinki. Sikumficha hata lile la kumwajiri. Hapo mkono wake ulisimama juu ya maharagwe, kisha ukaendelea.

"Mimi nilikuwa nimeshaamua kitanda nitakielekeza wapi," akasema. "Kichwa dirishani."

Nikamwambia najua. Alinieleza mara nyingi.

Akaokota kijiwe kwenye maharagwe, akakiweka kando. Kisha akasogea, akalisukuma sinia katikati ya sofa, akanionyesha kwa kidevu upande uliobaki. Nikaketi. Tukachagua maharagwe.

Mchana Rukaya alinipigia, kwa namba yangu safari hii, kwani Fébronie alikuwa amenichajia simu. Alisema kuna wajumbe wawili wa baraza walioshangaa kuona watu wamejaa ukumbini na aliyesema ni mmoja. Wamemuuliza. Akasema tukija Jumatatu kila mmoja akasema, vizuri, ila wenye nyumba watadai tumefundishwa juzi tu. Kitakachotusaidia ni mtu wa kueleza kwa nini mara ya kwanza tulikaa kimya. Nani alituambia tukae, na kwa nini.

"Itabidi nitaje jina?" nikamuuliza.

Alisita. Ni mtoto aliyelelewa vizuri.

"Watakuuliza, Bibi. Na ukumbi mzima utakuwa unasikiliza."

Ukumbi mzima maana yake ni majirani wa Mwenda. Ni watu wa kanisa, ambao wiki chache tu nyuma walikuwa wamempendekeza awe mzee wa kanisa. Ni wauguzi anaofanya nao kazi, wanaokaa mtaa huo huo. Mama mzazi asimame kwenye kipaza sauti aseme, mwanangu alinidanganya.

Na nisiposema, namba ya posta itatoka kwenye orodha ya mwaka, na Fébronie atazeekea kwenye sofa linalopitwa na kila mwenye kiu.

Nilimuuliza Fébronie angefanya nini. Nilitaka aniambie nisimtaje, ili nimshukuru. Au aniambie nimtaje, ili nimlaumu yeye. Hakunipa hata kimoja. Alitandika mkeka wake chini, akaniachia sofa, na tulipobishana akasema magoti yangu ni mabaya kuliko yake.

Kisha, tayari amelala, akasema, "Dada. Jumanne bado atakuwa mtoto wako."

Mimi niliyekuja bila mpango wa kulala, sikurudi nyumbani. Nililala Jumamosi, na Jumapili nikaenda nao misani, mimi Mmethodisti wa kutoka Nkubu, nikaimba nyimbo nisizozijua.

Jumapili alasiri tulisikia hodi. Belyse akafungua, akarudi nyuma kidogo. Mwenda alikuwa amesimama kwenye veranda ya ghorofa ya pili. Tangu nimjue Fébronie sikumbuki mwanangu akikubali kunileta Sharpstown. Kila mara alikuwa na shughuli, kila mara ilibidi nibebwe na basi la kanisa. Sasa alikuwa hapo, amepiga pasi shati, anatazama mlango wenye rangi iliyobambuka na viatu vya watoto vilivyopangwa nje.

Alimwamkia Fébronie kwa heshima. Fébronie akamkaribisha ndani. Akashukuru, akasema atasimama.

Alinipa kijisanduku changu cha dawa, amekipanga wiki nzima. Kisha akatoa sweta langu la sufu kwenye mfuko.

"Ukumbi ule una baridi," akasema.

Kwa hiyo alijua nitakwenda. Nikalipokea sweta.

"Utanitaja?" akauliza.

"Wakiniuliza, sitadanganya."

Akakubali kwa kichwa. Hakunisihi. Nilimlea hivyo mwenyewe, asiombe mara mbili. Aliangalia chini, kwenye vile viatu vya watoto, akavuta pumzi.

"Chama kimeniomba niseme kesho, Mama. Wamenipa nafasi ya mwisho. Baada yako."

Nyuma yangu maji yalikuwa yanatiririka jikoni. Fébronie akayafunga.

"Utasema nini?" nikamuuliza.

"Kwamba mama yangu ana kwake."

Nilishika fremu ya mlango. Nilitaka kumwambia kwamba ni kweli, na kwamba ubaya ni huo, kwa kuwa kwa ukweli huo baraza litamsikiliza. Nilitaka kumwita baba. Jina lilinijia hadi ulimini likakaa hapo.

Alianza kuteremka. Kwenye ngazi ya tatu akageuka. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama mahali pa chini kuliko mimi tangu alipokuwa mtoto, na kwa muda nikaona ile sura yake ya zamani.

"Kesho ikishapita," akasema, "utakuja tena kututembelea?"